Dakika Tatu za Baba

Nyacheki, Jumatatu

Kaka Masese,

Sisi huku tunachuma majani chai, na Mama anakusalimu huko Doha.

Umemwandikia Baba kwamba licha ya kucheza sataranji miaka thelathini, kwenye mchezo wa dakika tatu mtandaoni anafikiria mno, asogeze kete haraka. Kaka, hafikirii mno. Mkono wake wa kulia umekufa ganzi tangu wiki jana.

Jana alipokushinda, yeye alitaja tu, "Farasi, mbele ya malkia," nami nikabonyeza simu. Kisha akaniapisha: "Masese asijue, ataacha kazi."

Mpigie leo, umsihi akubali nimpeleke hospitali Ogembo. Mimi hanisikii, na asubuhi hii ameniita kwa jina lako.

Dadako mwenye hofu,
Mong'ina