Maman wa Uccle

Uccle, 4 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Jumapili sitafika kwako Ganshoren. Maman ameniomba nibaki naye, nesi hatakuja. Anapenda nimsikilize akisimulia habari za babake, Myahudi aliyekuwa akichora sura za matajiri wa Brussels kabla ya vita. Nyumba nzima ni picha zake. Usikasirike, tafadhali.

Mtoto wako,
Gracieuse

Ganshoren, 8 Oktoba

Gracieuse,

Salamu nimezipata. Magoti yanauma. Asante kwa kuuliza kwa barua, maana simu hushiki.

Sasa nieleze: Maman gani? Nilisoma mara mbili. "Maman ameniomba." Nikajiuliza, mimi nimeomba nini? Kumbe ni yule bibi mzee unayelipwa kumtunza! Kwetu Bukavu kila mwanamke mzima ni maman, najua, lakini huyo ana jina: Madame Fernande. Juzi kanisani Maman Kabamba ananiuliza mbele za watu, "Mutoto yako iko wapi? Bazungu balimwiba?" Nikacheka, huku roho inaniuma. Ndiyo, nina wivu, nimesema. Nilikuja huku kukufuata wewe, sasa nakaa na televisheni.

Mama yako mzazi

Uccle, 15 Oktoba

Mama mpendwa,

Pole na magoti. Unapaka ile dawa?

Bon, Madame Fernande. Umenikumbusha mama yake, maana naye alikuwa na wivu. Mumewe, yule mchoraji, alishinda wiki nzima akiwatazama wake za wanasheria, kope kwa kope, lakini yeye hakumchora hata siku moja. Akilalamika, mume anajibu: "Wewe nakujua kwa moyo, nikutazame ya nini?"

Mwaka 1942 Wajerumani wakamchukua mke, hakurudi. Mume alifichwa na masista pamoja na Fernande, mtoto wa miaka minne. Vita vilipokwisha akakaa amchore mkewe. Gauni likaja, mikono ikaja. Uso ukagoma. Kila akijaribu, unatoka uso wa mteja fulani, na alijaribu mpaka kufa. Picha moja kati ya hizo imetundikwa ukutani, juu ya kitanda cha Madame. Kila asubuhi Madame ananiuliza, "Unafikiri anafanana na mama?" Niseme nini? Ndiyo maana siwezi kumwacha peke yake.

Mtoto wako,
Gracieuse

Ganshoren, 19 Oktoba

Gracieuse,

Sijambo. Dawa napaka.

Namhurumia huyo bibi, kweli, hata nimemwombea. Lakini wivu haukuondoka, umezidi. Mambo ya mama wa watu unayajua yote. Alors, bila kutazama picha kwenye simu: lile kovu la shavuni, nililopata nikikuvuta usiangukie sufuria ya maharage, liko upande gani?

Nangoja jibu.

Mama yako mzazi

Uccle, 22 Oktoba

Mama mpendwa,

Natumaini umeamka salama. Swali gani hilo, kama la mwalimu! La kushoto, bien sûr. Naliona hata nikifumba macho.

Mtoto wako,
Gracieuse

Ganshoren, 24 Oktoba

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima.

Ni la kuume.

Nimelia kidogo, nisikufiche. Kisha nikasogeza kiti dirishani, penye mwanga. Njoo Jumapili. Sitakugombeza, wala sitasema neno juu ya Uccle. Nitakaa tu, unitazame mpaka uchoke.

Mama