Ba, Nimeifuta Sauti Yako

Mpendwa Ba,

Shikamoo, bibi yangu. Ungekuwepo leo ungenichapa kwa mwiko.

Unakumbuka siku za mfungo wetu wa Ekadashi, tukijinyima nafaka na kunde, ukinichemshia muhogo na kusema, "Huu ni mzizi, hauna dhambi"? Nilikuwa nakula mpaka nashindwa kuinuka, halafu nawatambia watoto wa jirani kwamba nimefunga. Sisi Wahindu wa Same ni nyumba chache, na wanawake wote walifunga ulivyosema wewe. Hakuna aliyemngoja Maharaj, kuhani wetu anayekuja kwa basi.

Sasa Maharaj kajua simu. Kafungua grupu la akina mama, admin ni yeye, na mwezi uliopita akatangaza: muhogo marufuku siku ya mfungo, haumo vitabuni. Eti muhogo! Nikapandwa na hasira. Nikasema ngoja, ninayo sauti ya Ba akieleza muhogo wa mfungo. Nikaituma.

Kumbe nimetuma ile nyingine, ya umbea: "Maharaj huyo? Nimemkuta sokoni kwa Mama Naelijwa, siku ya Ekadashi, anaramba sahani ya makande! Mahindi na maharage, vyote viwili!" Halafu unacheka mpaka unakohoa.

Ba, haraka haraka nikabonyeza kufuta, kumbe nimefuta kwangu peke yangu, pamoja na faili lenyewe. Mji mzima unakusikia, mimi sina! Maharaj akanitoa kwenye grupu na kuwaamuru wengine wafute. Nikawapigia mmoja mmoja. "Aa, shoga, tumeshafuta, tungefanyaje?"

Ile ya muhogo ipo, lakini humo unatoa amri tu. Kicheko chako kilikuwa kwenye hii, na kingine sina. Nililia kama siku ya msiba.

Jana mchana nikapata ujumbe kutoka kwa Maharaj. Katuma sauti yako, na chini yake maneno: "Binti, mimi sikuifuta. Tangu Ba aondoke, hakuna anayenigombeza. Ila muhogo bado nakataa."

Kwenye grupu hajanirudisha, na wala sijamwomba. Nimekusikiliza mara nne mfululizo, nacheka na kulia peke yangu dukani, mteja akanionea huruma akaondoka bila sukari yake.

Nimekukumbuka mno, Ba. Pumzika, na ukimaliza kupumzika endelea kumteta, sasa anasikiliza.

Mjukuu wako mwenye kidole chepesi,
Hansa