Jua la Shemeji

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba lile jino limeshang'olewa. Mimi sijambo. Kazi ya eksirei ni ileile: kutwa nawaambia watu wasitikisike, nao wanatikisika.

Umeniuliza kwa nini mumeo amerudi kabla kazi yake ya huku haijaisha, bila darubini, na kwa nini ukimgusia habari za Jua anatoka sebuleni. Nitakujibu, ila kwanza ujue nilivyoishi naye miezi mitano.

Shemeji alipokuja kufunga majokofu kwenye ghala la nyama, nilimpa chumba cha uani kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Mwanaume yule anapiga mluzi bafuni. Akinywa chai, utadhani pampu inavuta maji. Anaongea na kila mtu, hata msoma mita. Nilimbandika jina la Bwana Barafu nikidhani litamuuma. Akacheka, akaanza kujitambulisha hivyo kwa majirani.

Unajua huu ni mwaka wangu wa tisa wa kupiga picha za Jua. Darubini yangu ina kichujio kinachozuia mwanga wote na kubakiza wekundu wa aina moja tu, na katika wekundu huo unaona ndimi za moto zikichomoza ukingoni mwa Jua, nyingine kubwa kuliko dunia yetu nzima. Kikundi chetu kina watu kumi na mmoja, na kumi kati yao hawajui wanachofanya. Mfamasia anazitia picha zake rangi mpaka Jua linafanana na kiini cha yai. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa jiografia, husinzia katikati ya sentensi zake mwenyewe. Hao ndio wenzangu.

Siku moja Bwana Barafu akaomba kuchungulia. Akachungulia, akanyamaza dakika nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani kwangu. Baada ya wiki chache akaja na darubini aliyoiunda mwenyewe kwa kichujio cha mtumba na bomba la plastiki alilolipaka rangi nyeusi kwa ndani. Nilimwambia mbele ya wageni kwamba chombo hicho kinafaa kupitishia maji machafu. Akajibu kwamba sawa, dada, ataanza na hayo.

Kila mwaka tunafanya maonyesho maktaba, na jaji ni mimi, kwa sababu kusoma picha ndiyo kazi yangu. Mumeo naye akaleta yake. Aliipiga Jumapili moja saa nne asubuhi, juu ya paa la ghala: ulimi wa moto uliokatika kutoka ukingoni, unaelea peke yake, umejikunja kama utepe. Watu waliziacha picha zangu za madoa ya Jua, wakaenda kusimama mbele ya utepe wake.

Nikasimama nikasema picha ile imeibwa mtandaoni, kwamba bomba la maji haliwezi kutoa kitu kama kile. Wakaniamini wote. Yeye alinitazama, akasema, “Dada, mimi hata kudanganya sijui, wewe si unanijua?” Kisha akaibandua picha yake ukutani, taratibu, asichane karatasi. Baada ya siku mbili aliniaga, akasema kazini wamempa ruhusa. Darubini aliiacha chini ya ngazi. Kikombe chake alikuwa amekiosha.

Sasa keti, mdogo wangu. Jumapili ile ile, saa ile ile, nami nilikuwa juu ya paa letu. Nilikuwa nahangaika na madoa ya katikati. Nilipokuwa naiweka darubini sawa nilirekodi kipande kifupi cha ukingo, nikageuza darubini, maana nilishaamua hapakuwa na kitu. Alhamisi, siku mbili kabla ya maonyesho, nilikifungua kipande hicho. Ulimi ulikuwemo, na mkunjo wake ule ule. Kwa hiyo nilipomwita mumeo mwizi mbele za watu, sikukosea kwa kutojua. Nilikuwa najua. Ulimi ule nilikuwa nao mbele ya macho yangu, nikaupa kisogo, halafu fundi majokofu akauona. Hilo ndilo nililoshindwa kulimeza.

Jumamosi iliyopita nilikionyesha kikundi picha zote mbili, nikaeleza. Mwenyekiti hakusinzia. Mfamasia aliniomba nirudie, ati hakusikia vizuri, nikarudia. Ujaji wamenivua. Picha ya shemeji sasa imetundikwa mlangoni pa maktaba, na jina lake chini yake.

Darubini yake naituma kwa basi la Ijumaa. Mwambie nimeichungulia, na inaona vizuri kuliko yangu. Mluzi wake bado siupendi, usije ukadhani nimekuwa mtu mwingine.

Nibusie watoto, na umsalimie mama mkwe wako. Shemeji naye umsomee barua hii yote, usimrukishe hata mstari. Najua atasema yamekwisha kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Mkatalie. Mwambie dada amesema hayajaisha, na kwamba anakuja mwenyewe kwa basi la wiki ijayo kuyasema akiwa amesimama.

Wako wa tumbo moja,
Dada