Vera na Begi Aliloliacha Muaither

Mpendwa dada Vera,

Nimekukasirikia tangu siku ile. Kila nikidhani hasira imepoa, nafungua mlango wa chumba chetu hapa Muaither, Doha, najigonga kwenye begi lako. Begi la mtu aliyekuwa anaenda Ulaya! Chuo cha huko kimekupa mwaka mzima wa utafiti, nafasi ile wanayowapa Warusi wanaotetea haki za binadamu, uandike habari za wafungwa wenu bila kuogopa mlango kugongwa. Meza, nyumba, viza, kila kitu. Kazi yako ilikuwa kupanda ndege tu.

Na aki ulinisumbua. Ulikuja Doha kungojea viza, ukapanga kitanda kando ya changu, na siku ya kwanza tu ukazima AC. Agosti, Doha! Eti upepo wake unaleta mafua. Mimi ni nesi, nikakwambia hakuna kitu kama hicho. Ukanijibu, "Sista, wewe baridi huijui." Basi tukakaa tunatiririka jasho, wewe umejifunga skafu shingoni.

Siku ya safari, Kato, dereva wetu Mganda, alikuwa chini anapiga honi. Ukasema, "Tukae kwanza." Kwenu msafiri hakurupuki, lazima watu wakae kimya kidogo ndipo aondoke. Ukakalia begi, mimi nikakaa kitandani nabana kicheko. Kato akapanda ngazi akihema. "Nnyabo, mama, ndege itakuacha!" Ukamkalisha naye. Khalas, tukanyamaza wote kama tuko matangani.

Halafu ukainuka na uso mwingine kabisa. "Olga atamtazama nani?"

Olga, mwenzako wa utafiti, kesi yake ilikuwa inaanza Moscow. Ulishanieleza kwamba marafiki huenda kukaa mahakamani ili mshtakiwa akigeuka aone sura anazozijua. Nikakwambia, Vera, ukienda watakukamata na wewe. Ukasema, "Najua." Ukachukua mkoba, ukaliacha begi, ukakata tikiti ya kurudi kwenu. Najua! Sasa mtu akikujibu hivyo unamfanya nini?

Wakakukamata nje ya mahakama ulipotoka, kama nilivyosema. Wakili wako ndiye aliyenipigia. Na yule mama wa chuo ananiuliza kila mara, wakutunzie nafasi au wampe mwingine? Namjibu watunze, Vera anakuja. Nikitoka zamu miguu inaniuma, bado nakaa na simu kukutetea kwa watu nisiowajua. Nimechoka, Vera. Umenichosha.

Lakini wakili aliniambia na jingine. Olga aligeuka, akakuona umekaa pale, akatabasamu. Hapo ndipo uliponiharibia kabisa, maana sasa hata kukukasirikia vizuri siwezi. Nakumiss, mwanamke mkaidi wewe. Siku hizi AC naizima mwenyewe, halafu nakaa hapo natokwa na jasho na machozi.

Mwenye nyumba anataka kitanda chako. Nimemwambia kina mtu. Utatoka, inshallah, na mimi na Kato tutakupokea, tukupe begi lako, tukurudishe uwanjani siku hiyohiyo. Ila utaondoka umesimama, unanisikia? Usithubutu kukaa tena. Kukaa kwako kumetosha.

Ni mimi,
sista wako wa kitanda cha pili