Kwa Dorcas Menza: Kadzama Yako Tumeinywa Wote

Mwaka umetimia, Dorcas, tangu ile homa ya siku tisa ikuchukue. Ulikuwa na miaka thelathini na minne. Mimi wa themanini na kitu nikaachwa. Nadhani aliyekuwa akisoma orodha aliruka mstari.

Ulikuwa mjukuu wangu, ukiniita Hawe, yaani bibi, lakini kwa utani wetu nilikuita mke mwenzangu, maana ulidai babu yako alikupenda wewe kuliko mimi. Ni kweli, ila sikukubali ukiwa hai.

Ulisoma chuo hapo Kilifi, ukaenda ng'ambo miaka minne kutafiti hiyo blokicheni. Uliporudi ulifungua kampuni yako Malindi, chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Ulikuwa ukila muhogo baridi kwa pilipili huku unaandika, kompyuta nzima ikinukia pilipili. Watu walipanda ngazi wakidhani unauza zile pesa za mtandaoni za kumtajirisha mtu usingizini. Uliwapa chai ukawaambia, "Hapa tunatunza mipaka ya mashamba." Wakashuka. Chai walikuwa wameshaimaliza.

Mimi niliishia darasa la saba, nikakuuliza hicho kitu ni nini. Ukasema, "Hawe, mpaka ukiwekwa, si huletwa kadzama, kibuyu cha mnazi, mashahidi wakanywa wote? Anayekana kesho anasutwa na kila aliyeonja. Mimi natumia simu. Kila nyumba inashika nakala, na kilichoandikwa hakifutwi."

Nikakuambia, "Kumbe miaka minne ya ndege na baridi ulikwenda kusomea kadzama." Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Nami nikakupima. Ulipogeuka, niliandika kwenye simu yangu kwamba minazi miwili ya jirani yetu Gerishom ni yangu. Simu zote kumi na moja za kijiji zikalia, na nyumba kumi zikanikataa papo hapo. Nikakusihi ufute. "Halifutiki, Hawe. Litakaa hapo, na chini yake imeandikwa kwamba umekataliwa."

Matanga yako hayajaisha, Gerishom akaja. "Mama, mwenye mambo ameondoka. Hayo ya simu nayo yamekwenda naye. Turudi kwenye mkonge wetu." Kumbe mkonge wake wa mpakani ulikuwa umeshatembea hatua sita ndani ya shamba la Everlyne, yule mjane, na mkonge hauna miguu. Musembi, mwenzako wa kazi, alikuwa amekata tamaa, anatafuta wa kumrudishia funguo za chumba. Nikamwambia, "Mwanangu, ukifunga leo, Everlyne atalima barabarani."

Tukaenda barazani na simu zetu. Zikafunguliwa mbele ya chifu, zote kumi na moja, na zote zikasema neno moja, hata ya Gerishom mwenyewe. Alizitazama moja moja kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Kabla hajakaa akasoma kwa sauti ule uongo wangu wa minazi miwili. Baraza zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, maana hapo ndipo nilipojua kazi yako iko hai.

Kesho yake aliurudisha mkonge kwa jembe lake.

Sasa nyumba ni sitini na tatu. Musembi hafungi chumba, na simu yangu naichaji kila asubuhi kabla sijaweka chai. Jumamosi, baada ya ibada nyumbani Kakuyuni, nyumba tisa mpya zitaingia. Kadzama itakuwapo. Walokole watakunywa soda, ushahidi ni uleule. Gerishom ameomba aonje wa kwanza, nami nimekubali, ila nitamimina mwenyewe.

Tunaokuwaza kila siku: baba yako Menza, mama yako Emily, kaka yako Owen, Musembi na wenzako wa kazini, Everlyne anayelima kwake, na mimi, Hawe Mbodze.

Kukusahau hatuwezi kamwe, mke mwenzangu. Kila nyumba ina nakala yako.