Karatasi Niliyomsomea Bibi Dunguni

Dada Mwajuma, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Mbuchi, juu ya dungu la Bibi, kile kibanda cha miti tunamokaa kufukuza ndege wa mpunga. Tunakula wali mpya na kamba wa nazi, lakini kwangu haushuki kwa wivu.

Zuhura wa Mjomba amepata chuo kikuu nchi jirani, na Bibi alikuwa hajamruhusu. Jana Zuhura akaja dunguni na karatasi ya makubaliano ya nchi zetu kuhusu vyuo. Bibi akaninyooshea kidole mimi, akasema, "Asome huyu mwanafunzi wa Kibiti. Wewe Zuhura utanitilia chumvi."

Nikasoma: "Vijana wetu wote watavuka mipaka, na shahada moja itaheshimiwa kila nchi." Maneno matamu mno, dada. Nikayasoma makusudi kama mtu anayehesabu magunia. Zuhura akainamisha kichwa.

Bibi aliwapigia ndege kelele, kisha akanigeukia. "Mbona unasoma kama tangazo la msiba? Katika hao vijana wote, wewe umo au humo?"

"Nimo, Bibi."

"Basi soma kama umo."

Nikasoma upya, kwa sauti ya mdahalo wa shule. Bibi akasema, "Haya Zuhura, nenda ukasome."

Zuhura akanikumbatia, na wivu haujaisha hata sasa. Nikamwomba ile karatasi. Nimeiweka ndani ya daftari langu la Baiolojia.

Usimwambie Mama nilivyosoma mara ya kwanza. Mchele wako mpya nimeshautenga, na Mungu akutunze mpaka nikuletee.

Mdogo wako, Tatu