Mstari Uliobaki

Mabawe, Ngara
9 Machi 1997

Dada mpendwa Scholastika,

Shikamoo. Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama: nadhani nimempata mama aliyemzaa Nimpaye, mtoto unayemlea. Keti kwanza, na usisome kwa sauti.

Sisi huku wazima, maharage yamekubali. Shemeji na kikohozi chake wanaendeleaje? Na Nimpaye mwenyewe, bado anakataa viatu?

Unajua kibarua changu tangu nimalize shule: kuchapa kwenye kompyuta habari za wakimbizi waliopotezana. Mwaka jana ililetwa programu mpya, yenye picha na vitufe. Humuunganisha mtoto na mzazi kwa jina la ukoo. Aliyeitengeneza hakujua kwamba kwa Warundi kila mmoja hupewa jina lake. Mama na mwanawe hawafanani majina. Kila nilipomtafutia Nimpaye mzazi, ilijibu hakuna.

Basi nikarudi kwenye kioo cheusi cha zamani, ambako unaandika amri kwa herufi. Mkubwa wangu, Jovitus, alinicheka mbele ya watu, akauliza kama nikipewa gari nitashuka nilisukume. Niliona haya, dada, lakini sikutoka kitini. Amri zile ni kama vyombo vya jikoni kwetu: kinu hutwanga, ungo hupepeta, hakuna kinachojifanya chungu. Zimo katika kila kompyuta, na hazijali jina la ukoo ni lipi. Husoma mstari mzima. Jovitus alipokwenda kula, nikaiagiza ya kwanza initolee kila mstari wenye Gatunguru, mlima anaoutaja mtoto. Ilitoa mingi. Nikaipitisha kwenye amri ya pili, itafute neno mkunga, maana alikuambia mama yake huzalisha. Ukabaki mstari mmoja: Habonimana, mkunga, yuko kambi ya Lukole, anamtafuta binti mwenye kovu la moto gotini. Kovu kama la Nimpaye.

Nikazima. Nilimkumbuka yule mama wa mwaka jana, aliyemtazama Nimpaye akasema siye. Mtoto hakugusa chakula kutwa. Halitarudiwa hilo. Jumatatu naenda Lukole mwenyewe, nikikosa lori nitatembea, nikamwulize kovu liko goti lipi na moto ulikuwa wa nini.

Najua anakuita mama. Najua ninachokuomba.

Msalimie shemeji, lakini usimwambie, wala Nimpaye, mpaka nikuandikie. Akikukuta unalia, mwambie ni moshi wa kuni mbichi.

Mdogo wako,
Febronia